Tone la Rangi ya Kucha

Fundi Shomari aliiweka kadi ya picha ya kompyuta mezani, juu ya kitambaa. "Usinunue kompyuta mpya, dada Mkiwa. Hii kadi imetumika, lakini ina nguvu, na bei ni poa. Ukihariri video, maharusi hawatakwamakwama tena."

Mkiwa akaigeuza. Pembeni palikuwa na tone la rangi ya kucha, nyekundu. Alilipaka mwenyewe, enzi zile yeye na Riziki wakirekodi harusi pamoja na kuwekea vifaa vyao alama, visije vikachanganyika na vya wengine.

"Umeitoa wapi?"

"Kuna kompyuta imeletwa kubadilishwa feni tu. Mwenyewe nimemwekea nyingine, ya chini kidogo. Hatajua."

Simu ya Mkiwa ikaita tena mkobani. Alijua ni mama wa bibi harusi, anadai video ya mwanawe. Akaanza kuikwangua ile rangi kwa ukucha wa dole gumba, taratibu, mpaka ikatoka yote.

"Nifungie," akasema.

Fundi alikuwa anakaza skrubu ya mwisho kwenye kompyuta ya Mkiwa Riziki alipoingia. Alifurahi kumwona Mkiwa, akamuuliza hali ya mama, kisha akaikumbatia kompyuta yake yenye feni mpya kwa mikono miwili.

"Shoga, hebu nishikie mlango."

Mkiwa akamshikia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuficha nyuma ya mgongo, amelifumbata dole gumba.