Kibonye cha Mwalimu

Faili lile lile lilikuwa limepotea kwa mara ya nne, na fundi aliapa kuwa leo haondoki mpaka mzee aseme.

"Programu haiwezi kufunguka. Faili halipo," kompyuta iliandika.

Kiharusi kilimwachia mwalimu mstaafu kidole kimoja tu. Herufi hupita kwenye kioo cha kompyuta, naye hubonyeza kibonye ikifika anayoitaka. Programu huunga neno na kulitamka. Bila programu hiyo alikuwa bubu. Na saa tisa dada yake alikuwa anafika kutoka mbali. Dada huyo ndiye aliyempigia fundi simu.

"Kila wifi yangu akija, mashine inakufa," alisema mke wa mwalimu, akimfuta mumewe mdomo kwa kitambaa laini. "Haimpendi, nakwambia."

Fundi alicheka. "Faili hili, mama, ni kama kopo la chumvi jikoni. Masufuria yote yanachota humo humo. Likiondoka..."

"Ulinieleza siku ya kwanza, mwanangu. Ukanionyesha mpaka linapokaa. Sijasahau."

"Basi hata programu ya muziki imenyamaza?"

"Sisi tumeshazoea ukimya."

Akamfunga mumewe kifungo cha juu kabisa shingoni, na joto lote lile. Fundi aliwatazama kwa wivu. Mume wake yeye, hata amkute na homa, swali lake ni chakula kiko wapi. Huyu mzee mara zote tatu programu ilipopona alianza na "Asante mke wangu", naye mke amemshika bega.

Fundi alichungulia kikapu cha taka cha kompyuta, huenda faili lilitupwa humo. Kitupu, kimefagiwa. Mama huyu ni msafi mpaka huku, aliwaza.

Kidole cha mwalimu kikaanza kugonga meza. Machozi yakamtoka.

"Anasema umechoka, upumzike," mke alitafsiri. "Na hayo machozi ni furaha ya mgeni. Acha tu, mwanangu. Wifi nitamweleza mimi."

"Hapana, mama. Leo atasema mwenyewe."

Mke alikunja kile kitambaa. "Haya. Kazi yako ni ya saa nzima, ngoja nichemshe chai." Kandambili zake zikaburuza kuelekea jikoni.

Fundi alitabasamu. Safari hii alikuja na nakala ya faili kwenye flashi. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Alitaka kumshangaza mama wa watu. Akalinakili, akaliweka mahali pake, akawasha upya. Programu ikafunguka bila kunung'unika.

"Haya, mwalimu. Tuambie."

Herufi zikaanza kupita. Kidole kikabonyeza, kikasubiri, kikabonyeza tena. Neno likawa linajengeka polepole, na fundi, kwa furaha, hakuweza kungoja liishe. Aligeukia jikoni, akaita kwa sauti:

"Mama, njoo. Mwalimu anaongea."

Nyuma yake mashine ikatamka, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka:

"Usimwite. Ananipiga."

Kandambili zilikuwa zimeshafika mlangoni.