Amiba Angoja Shikamoo

Sikilizeni ujinga wa dimbwini. Amiba, kidudu cha chembe moja tu, alikuwa hachoki kumcheka jirani yake Chura.

"Dada, umehangaika na mume na wakwe, ukaambulia viluwiluwi wenye mikia! Hata hawafanani nawe."

"Nusu ya kila mmoja ni baba yake," Chura akajibu. "Lakini shikamoo wananipa."

"Mimi nitapata wa kuniamkia bila mume."

Amiba akajinyoosha, akajibana kiunoni, akakatika. Wakawa Amiba wawili, sawa kabisa. Kila mmoja akangoja shikamoo.

"Mbona humwamkii mama yako?" mmoja akafoka.

"Mama ni mimi!" akajibu wa pili.

Kwa hasira kila mmoja akajigawa tena ili apate mtoto mwenye adabu. Sasa wakawa wanne, na wote wanne wamenuna wakisubiri kuamkiwa.

Viluwiluwi wakapita. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, wanangu," Chura akaitikia.

Amiba mmoja akawatazama wenzake, akaangua kicheko.

"Nilitaka mtoto wa kuniamkia," akasema, "kumbe nimejizaa mwenyewe. Na mimi tangu lini nikamwamkia mtu?"