Pini Iliyobaki

Pini moja ilikuwa imebaki juu ya kitambaa cheupe.

Fundi aliiona alipoingia bandani kunawa mikono. Nje wenzake wa chama walikuwa bado wamekodoa macho angani. Ndege ya kivita waliyoitoa matopeni vipande vipande, masalia ya vita vya enzi za babu zao, ilikuwa imeruka kwa mara ya kwanza baada ya kazi ya miaka kumi na moja.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja siku zote. Kila nati ya mitambo ya usukani huchomekwa pini ili isilegee kwa mtetemo. Asubuhi alikuwa amepanga pini ishirini na nne kitambaani, akazichomeka moja baada ya nyingine. Mwisho hukitazama kitambaa. Kikiwa kitupu, kazi imekwisha.

Leo, Jumamosi, hakukitazama. Kepteni alimgusa bega akiwa ndiyo kwanza anashuka ngazi.

"Nenda nje, pacha, wenzio wanataka kupiga picha na wewe. Mimi nachukua koti langu, nakuja."

Hawakuwa pacha wala ndugu. Walikutana kwenye chama hicho, watu wanane wenye ugonjwa mmoja wa kupenda ndege kuukuu. Mwalimu mstaafu aliweza kutaja aina ya injini kwa kusikia mlio tu. Kinyozi alinuna wiki nzima kwa sababu ya kijani kilichopakwa kwenye mabawa. Lakini mwenye leseni ya urubani alikuwa Kepteni peke yake, na ndege ilikuwa na kiti kimoja.

"Tangi zote mbili zijae," alikuwa amesema asubuhi ile.

"Kwa kuzunguka uwanja mara tatu?"

"Ikiwa nzito inatulia. Wewe funga nati, fundi, angani niachie mimi."

Sasa fundi alisimama na pini mkononi. Alitoka mbio hadi kwa mwalimu, aliyekuwa ameshika redio.

"Mwambie ashuke. Mwambie ashuke sasa hivi."

Mwalimu aliita. Aliita tena. Mlio wa injini uliendelea kufifia upande wa msituni, kisha haukusikika.

Walitafuta siku tisa. Watu walipita msituni kwa miguu, boti zikazunguka ziwa lililo nyuma yake, na hakuna aliyeona hata kipande cha bawa. Fundi alikuwa ameifunga pini ile ndani ya kitambaa chake na kuitia mfuko wa shati. Hakuifungua tena. Aliwaambia wenzake kila kitu siku ile ile, na hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Siku ya tatu alikwenda kwa mke wa Kepteni.

"Shemeji, mumeo nimemuua mimi."

Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, akainuka, akaingia ndani na kurudisha mlango taratibu.

Usingizi ulimkataa fundi. Alikumbuka mambo madogo. Kepteni alivyomwomba pini moja ya akiba iwe ukumbusho wake, akaitia kwenye pete ya funguo. "Nikikukosa kwenye simu nitaongea na hii," alisema, na fundi akamjibu kwamba itamsikiliza kuliko yeye. Alikumbuka pia siku Kepteni alipomfuma ameshika brashi, anataka kuandika namba yake ya simu ubavuni mwa ndege, kama alivyoandika kwenye malori yote aliyowahi kutengeneza.

"Hii ni ndege ya vita, bwana, si lori la mchanga."

"Sawa, Kepteni."

Kepteni alipoondoka, fundi aliiandika hata hivyo, ndani ya kifuniko cha injini, mahali ambapo rubani hatii mkono.

Asubuhi ya siku ya kumi alivaa koti lake la heshima. Spana zake alikwisha kuzigawa. Karatasi ilikuwa tayari mezani, mistari minne, inayosema kwamba rubani hakuwa na kosa na kwamba aliyeacha pini ni yeye. Wakaguzi wa ajali walikuwa wanamsubiri saa nne. Alijua akishaitia saini hatashika tena injini ya mtu, na huenda akafungwa. Aliona ni haki.

Simu iliita akiwa anatafuta kalamu. Namba ilikuwa ndefu, ya nchi nyingine, na sauti ilikuwa ya mtu anayekitafuta Kiswahili neno kwa neno.

"Samahani, mzee. Namba yako nimeikuta ndani ya kifuniko cha injini. Mimi ni fundi mwenzako. Nilitaka kujua unatumia oili gani."

"Kifuniko cha injini gani?"

"Ya ndege. Tajiri wangu ameinunua. Rubani wenu aliileta mwenyewe Jumamosi ile, akaishusha kama unyoya."

Fundi alikaa kitandani. Alikuwa na maswali mengi, lakini mdomo wake ulitoa lile la kazi.

"Pini za usukani. Umezikagua?"

"Zipo zote. Ishirini na nne, nimezihesabu kwa mkono wangu. Kazi safi sana, mzee."

Alikata simu bila kuaga. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua kwa mara ya kwanza, akaisogeza pini kwenye mwanga wa dirisha. Kichwani pake palikuwa na mkwaruzo mwembamba unaong'aa, kama ule unaoachwa na pete ya funguo.