Moto wa Chini ya Kitanda

Estelle alimpaka mama yake mafuta midomoni, akamfunga kitambaa kichwani kwa upande, vile mwenyewe alivyopenda siku za ibada. Mama Mathilde hakusema neno. Alikuwa amekufa tangu alfajiri.

"Barière ya askari iko mbele, nusu saa tu," kaka yake Placide alisema kutoka kwenye usukani. "Weka mukono yake juu ya blanketi. Na weye, acha kulia!"

Kulia ataachaje? Walikuwa wanarudi Likasi kutoka harusini Kolwezi, ndani ya gari-nyumba ambalo Placide alilitengeneza kwa basi kuukuu: kitanda nyuma, jiko, pipa la maji. Fahari yake yote ilikuwa ule moto. Maji yanayopoza injini yalizunguka kwanza katika bomba ndani ya pipa, ukaoga maji ya moto popote ulipo, kisha yakapita kwenye bomba lililojikunja chini ya kitanda. Gari likitembea, kitanda kinapata joto. Gari likizimwa, basi, kila mtu na baridi yake.

Hilo ndilo lililomtafuna Placide. Usiku lori lilikuwa limepinduka na kuziba daraja, mazutu, yale mafuta ya injini, yalibaki kidogo, naye akazima injini. Mwezi wa saba huo, na baridi ya Katanga haina huruma hata kidogo. Mama, mwenye moyo dhaifu, alisema tu, "Mwana yangu, minye nasikia baridi." Placide akamwongezea blanketi moja. Asubuhi walimkuta wa baridi kama jiwe, pumzi haionekani. Walimwita, wakamtikisa, wakalia mpaka sauti zikakauka. Nimemuua mama kwa ajili ya mazutu, Placide alijiambia, na neno hilo likamfuata kilometa baada ya kilometa.

Lilibaki jambo moja la kumtendea. Baba yao alizikwa Likasi, na pembeni yake mama alikuwa amejiwekea nafasi. "Musinilaze mbali na baba yenu," aliwaapisha hivyo wote wawili. Lakini maiti isiyo na karatasi, askari wa kizuizi wangeishusha hapo hapo barabarani, na Mungu ndiye angejua italala wapi na wiki ngapi. Walishasikia watu waliopitisha wafu wao kama wasafiri waliosinzia. Wao nao watampitisha hivyo hivyo, potelea mbali.

"Na askari akimugusa?" Estelle aliuliza. "Bale benye barière banajua. Banagusaka mukono."

Tangu asubuhi Placide hakuwa amekifungulia kitanda moto, maana maiti na joto havipatani. Sasa alinyoosha mkono kwenye robine ndogo kando ya usukani, ile ya kupeleka maji ya moto nyuma, akaizungusha mpaka mwisho.

"Kitanda itamupasha," alisema. "Tuende pole pole."

Kwenye barière, afisa mwenye koti zito alifungua mlango wa nyuma.

"Uyu mama iko na nini?"

"Iko mugonjwa, chef. Iko analala."

Afisa akaingia, akaushika mkono uliokuwa juu ya blanketi. Yule mtu aliushikilia ule mkono muda mrefu, akaurudisha taratibu.

"Iko na moto kidogo," alisema. "Mumupeleke kwa munganga mbio."

Na mti wa kizuizi ukainuliwa.

Walipopita kona, Estelle akamgusa mwenyewe. Ee, kweli! Mkono una joto, hata shavu lilikuwa limelainika. "Yaya, moteri yako imemupasha!" alimwambia kaka yake. Alicheka huku analia, na papo hapo akaona aibu ya kicheko hicho.

Placide alifunga robine haraka. "Na moto hii, hawezi kungoja kesho. Ataharibika. Tumuzike leo leo."

Kufikia saa sita mchana ua wao wa Kikula, mtaani kwao Likasi, ulikuwa umejaa ndugu. Papa Ambroise, binamu ya marehemu na mkuu wa mtaa, aliandika karatasi ya ruhusa ya kuzika pale mlangoni bila kuingiza hata kichwa. Wanaume waliomtoa kitandani kumtia sandukuni walitazamana.

"Mbona iko moto-moto?" aliuliza Arsène, jirani yao.

"Ni moteri," Placide alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliinua uso.

Saa tisa Mama Mathilde alikuwa ardhini, bega kwa bega na mume wake. Usiku ule Placide alipata usingizi. Amemkosea mama, ndiyo, lakini angalau ahadi hakuivunja.

Kesho yake asubuhi, matanga yakiendelea, alikuja Kabongo, fundi aliyemsaidia kufunga yale mabomba. Aliwapa watu mkono, akaketi, akainuka tena, akaketi. Mwishowe alimvuta Placide na dada yake kando ya gari. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Yaya Placide, yaya Estelle, munisamee. Mama alisikia baridi kwa kosa yangu minye."

"Hapana, Kabongo," Placide alisema. "Ni minye nilizima moteri."

"Ungeacha inatembea usiku muzima, ingekuwa bule." Fundi alijifuta uso kwa kiganja. "Ile tiyo, ile bomba ya chini ya kitanda, ilikuwa inatoboka. Wakati uliniachia gari, ile juma yenye ilipita, niliiondosha yote, nikafunga kizibo, maji inaenda kwa pipa na kurudia. Nikasahau kukuambia. Ile robine ya mbele unazungusha tu, haipeleke kitu. Tangu ile siku, kitanda haijapata moto hata kidogo."