Pete ya Mahari

"Sumaku ya humu ndani haina mchezo, mama," daktari alimwambia Bi Mize mlangoni mwa chumba cha kupigia picha ubongo. "Vua kila kitu cha madini."

Bi Mize alikuwa amejitolea ili wataalamu waangalie jinsi sehemu za ubongo wake zinavyowasiliana. Herini alizivua. Pete akakataa.

"Hii mahari yangu. Dhahabu tupu. Mume wangu aliapa mbele ya mashahidi, nami nikamsamehe vingine vyote. Au sumaku inashika dhahabu?"

"Haishiki," daktari alisema, akatoa kisumaku mfukoni ili amridhishe tu.

Kisumaku kikaing'ang'ania pete.

Daktari aliinamisha macho. Bi Mize aliivuta pete mpaka kidole kikachubuka.

"Chuma! Miaka yote hii naiosha kwa ndimu, kumbe nasugua chuma!"

"Tuahirishe, mama. Ukiwa mle unatakiwa utulie, usifikirie kitu."

"Nisifikirie kitu? Niazime hicho kisumaku. Nikirudi mtanipiga picha, na hayo mawasiliano mtayaona!"

Alitoka hadi kwenye benchi alipoketi mumewe, Bwana Shaame, amemshikia mkoba.

"Mara hii wamekwisha?" mzee aliuliza, akitabasamu.

Bi Mize akamtilia kiganjani pete na kisumaku, vimegandana.

"Vitenganishe," alisema, "halafu uape tena."

Shaame aliivuta pete ikatoka. Akafungua kinywa. Kabla hajapata neno, pete ikamponyoka vidoleni, ikarudi kwenye sumaku: ta!