Mchuzi Usio Mbaya

Katika ukoo wa Kimali, alimozaliwa mume wa Evalina, kumsifu mtu waziwazi ni kumwitia kijicho. Kwa hiyo miaka arobaini na miwili mzee alikula mapishi ya mkewe akisema tu, "Siwezi kusema si matamu." Hata kanisani, alipoulizwa kama anamtaka bibi harusi, alijibu, "Sijasema simtaki." Padri akakohoa.

Evalina, mzaliwa wa Kalemela, hakuchoka kumtania. "Mzee, hebu nisifu mara moja tu. Kwani utakufa?"

Leo mchana, wiki ya tatu mzee akiwa mgonjwa kitandani, Evalina alimlisha mchuzi wa samaki, sato. Tone moja likabaki kwenye ndevu zake nyeupe. Evalina akalifuta kwa kidole, taratibu.

"Mtamu," mzee akasema. Akameza kwa shida. "Mtamu sana, mke wangu."

Evalina alisubiri ayazungushe maneno kama kawaida yake. Hakuyazungusha.

Akaweka bakuli chini, akatoka uani, akampigia mtoto wao mkubwa aliyeko Bariadi.

"Njooni leo, wote."

"Kuna nini, mama?"

"Baba yenu amenisifu."

Upande wa pili, mtu mzima akaanza kulia.