Nafasi ya Ngurumo

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, hapiti mtu.

"Hawa waliotufungia ukumbi kwa sababu ya lugha yetu," alisema, "leo ndio wakupe jukwaa uisemee? Baba watoto, hebu fikiri."

Mumewe, ambaye mji mzima ulimwita Sauti, alishafikiri mpaka kichwa kikamuuma. Ofisa wa habari alikuwa amemwahidi waziwazi: acheze mchezo mmoja wa serikali, mji wa mbali, kwa lugha ya mama yake. Mchezo ukiwagusa watu, marufuku itaondolewa na kundi lake litarudi jukwaani. Waigizaji wake sasa walikuwa wakibeba magunia stesheni, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuota kwa lugha ya watawala. Hilo lilimtisha kuliko njaa.

Nafasi aliyopewa ni ya Ngurumo, kiongozi wa waasi aliyesakwa msituni bila mtu yeyote wa serikali kuijua sura yake. Mchezo wenyewe haukuwa na makuu: Ngurumo anashtakiwa, anakiri yote kwa kiburi, anahukumiwa kunyongwa, anatolewa nje, kisha tarishi wa Gavana anaingia mbio na msamaha. Watu wanalia, wanaipenda serikali, basi. Mchezo wa kitoto. Lakini maneno ya kukiri aliruhusiwa ayatunge mwenyewe, na hapo, jamani, nani angekataa?

"Nacheza na nani?" aliuliza wakiwa garini.

"Wazungu wa huko huko. Huwa wanaigiza klabuni kwao," ofisa alisema. "Mazoezi ya pamoja hakuna. Tunataka mambo yaonekane ya kweli."

Walikuta ukumbi umejaa pomoni, askari kila mlango. Sauti alivalishwa shati lililochanika, akatiwa pingu zilizombana kwelikweli, akapandishwa kizimbani. Akajikuta anawahesabu askari. Akajiambia ni woga wa jukwaani tu, umemrudia kwa kukaa sana bila kucheza.

Basi akaanza. Lugha yake ikamtoka kifuani, yote, na mafumbo yake na matusi yake matamu, mpaka akasahau pingu. Alikiri mashamba yaliyochomwa, akakiri madaraja yaliyovunjwa. Nyuma kabisa mwanamke mmoja aliangua kilio. Hata mkalimani, aliyekuwa akitafsiri kando, alikwama akafuta macho.

Aliyemuudhi ni hakimu peke yake. Mzee wa watu hakujua kuigiza hata kidogo: ananong'ona, anapangusa miwani, hawatazami watu. Mwishoni ndipo alipoharibu kabisa, akauliza swali ambalo halikuwamo mchezoni.

"Anauliza," mkalimani alisema, "una hakika wewe ndiye Ngurumo? Hakuna aliyekutuma useme haya?"

Maskini, kasahau maneno yake, Sauti aliwaza. Na mwigizaji anayejiheshimu hamwachi mwenzake aaibike mbele za watu. Akanyoosha mgongo, akamwokoa.

"Ndiye mimi," alisema, na sauti ikafika ukuta wa mwisho. "Na mkiniachia leo, kesho narudi kuchoma."

Hakimu alishusha pumzi, akasoma hukumu ya kunyongwa harakaharaka, macho chini. Askari wakamtoa Sauti kwa mlango wa nyuma.

Ujiani aliegemea ukuta, jasho linamtiririka, anacheka peke yake. Alikuwa hajacheza vizuri hivyo maisha yake yote. Akawawazia wenzake kule stesheni, namna watakavyoyatupa magunia.

"Ndugu yangu," alimwambia askari aliyemshika mkono, "nisije nikachelewa kurudi ndani. Ule msamaha unaletwa saa ngapi?"

Askari alimtazama kwa huruma.

"Msamaha gani, kaka? Mimi nimeambiwa nikuulize nguo zako akabidhiwe nani."